Safari ya Mama Yako Niliyoiharibu

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira. Kaa hapo. Usiniangalie hivyo. Asubuhi nimekuuliza umepanga vipi kumpeleka dada yako shule ya ualimu ng'ambo ya ziwa, ukanijibu, "Tutafika tu, mjomba." Tutafika tu! Maneno hayohayo niliyasema mimi nikiwa na umri wako, na aliyeumia ni mama yako.

Mama yako alikuwa msichana wa kwanza hapa Isingiro kuitwa shule ile. Barua ilipofika, padri aliisoma baada ya misa, na mama yetu akalia mbele za watu bila aibu. Ilisema afike Mwanza Jumatatu. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine. Meli ilikuwa inaondoka Bukoba Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo ilitupasa kupanda lori la kahawa Ijumaa alfajiri, tuvuke mto kwa pantoni, tulale Bukoba. Baba alinikabidhi mimi safari kwa sababu nilikuwa kaka mkubwa na nilijua kusoma. Akanishika bega akasema, "Kawaulize madereva pantoni inafungwa saa ngapi."

Sikuuliza. Mimi, niliyesoma, niende kuwauliza watu wa malori? Kichwa kilikuwa kimenivimba! Nikakaa na barua ile nikiwaonyesha vijana wenzangu, basi, hiyo ndiyo ilikuwa mipango yangu.

Ijumaa tulifika Kayanga mapema, jua halijawa kali. Pale alikuwa anakaa shangazi yetu. Wewe unajua sisi, mtu hapiti mlangoni kwa shangazi yake bila kuingia akatafuna punje za kahawa za kukaribishwa. Haya, ingia, tafuna, aga, toka. Lakini mimi nilikuwa nimevaa kanzu mpya, nataka nionekane kuwa ndiye mwenye safari. Shangazi akaleta kikapu cha kahawa, akaita majirani, akaanza kumenya ndizi. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Dereva alipokuja kulalamika nikamkalisha na kumpa kibuyu chake, naye akaanza kunywa. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na kijisanduku chake, hakula. Akanivuta mkono wa kanzu.

"Kaka, jua linakwenda."

"Tutafika tu," nikamwambia, na majirani wakacheka, nami nikacheka nao. Mjinga mkubwa!

Tulifika mtoni giza linaanza kuingia. Pantoni ilikuwa imefungwa kamba ng'ambo ya pili, wavushaji wananawa miguu. Nikapiga kelele, nikapunga ile barua hewani kama vile wangeweza kuisoma kutoka kule. Mzee mmoja akanijibu kwa sauti, "Kijana, jua likizama tunafunga. Hukuuliza?"

Hukuuliza. Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Tulilala palepale, na asubuhi tukangoja nyuma ya malori mengi yaliyofika kabla yetu, maana ulikuwa msimu wa kahawa, na pantoni ilikuwa inabeba moja moja. Tulipofika bandarini Bukoba, meli ilikuwa imebaki moshi tu huko mbali. Mama yako akakaa juu ya sanduku lake. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kaka, safari ilikuwa ya nani?"

Padri aliandika kuomba, wakajibu kwamba nafasi imeshachukuliwa. Mama yako akarudi kwenye jembe na migomba, akaolewa, akawazaa ninyi. Hajanisema tena hata siku moja, na afadhali angenizaba kofi mbele ya watu wote wa Bukoba. Watu husema yaliyopita yamepita. Kwangu hayajapita! Namwona akiinama shambani, najichukia upya.

Sasa nisikilize, maana sitaki kusikia tena hilo "tutafika tu". Leo hii, kabla hujala, nenda kwa madereva. Uliza pantoni inafunguliwa saa ngapi na inafungwa saa ngapi, uliza malori ni mengi kiasi gani, na ukishajibiwa uliza mwingine. Huoni aibu kula, usione aibu kuuliza. Kwa ndugu wa Kayanga mpeleke dada yako wiki hii akaagane nao, akatafune kahawa mpaka achoke. Siku ya safari mnawapungia mkono mkiwa juu ya lori. Wakinuna, waambie wanune kwangu. Na mwondoke siku moja kabla. Mkiwahi, mtakaa Bukoba mtazame ziwa, hakuna aliyekufa kwa kuwahi.

Jana nimemkuta mama yako anakunja nguo za dada yako, anazikunjua, anazikunja tena. Nami nilishindwa kumtazama usoni.

Nenda, mwanangu. Mungu awavushe jua likiwa bado juu, awape dereva mwenye akili na ziwa lililotulia, na dada yako aingie lango la shule ile kwa miguu yake. Akishafika, aandike barua. Asiniandikie mimi. Amwandikie mama yake, maana kusoma anajua, na safari hii ni ya kwake pia.