Dawa ya Kukua

Dada yangu mkubwa mikono yake inanuka hamira, na si mwokaji. Analisha samaki kwenye maabara ambayo mimi nafagia korido zake, na jengo zima linamwita Mama Tope. Samaki wenyewe ni lamprei: wembamba kama kamba ya kiatu, hawana taya, na utotoni hawana hata macho ya kuonea. Hujizika kwenye tope la tangi miaka na miaka, wakichuja hamira anayowakorogea kwenye maji vuguvugu. Yeye huwaita wanangu. Mimi nilikuwa namcheka: wana gani hao, hata salamu hawaitikii! Hakunijali.

Kulikuwa na tangi la wakubwa na tangi la wadogo. Wakubwa walikuwa wameshanona, na Dokta, msimamizi wake, alikuwa anawapa dawa ili wageuke watu wazima: waote macho na mdomo wa duara wenye meno. Wadogo walikuwa bado vijiti tu. Hao ndio waliomkosesha dada raha, akawa anawachungulia hata saa ya chakula chake.

Siku moja Dokta, kikao kikimsubiri, alitoa agizo akiwa mlangoni. Nilikuwepo na fagio langu.

"Mama, wale wadogo anza kuwapa dawa ya kukua."

"Sawa, Dokta."

Kabatini kulikuwa na chupa mbili, na zote tuliziita dawa ya tezi. Dada alichukua ile ya wakubwa. Hata mimi ningechukua hiyohiyo. Si ndiyo inayowafanya wawe watu wazima? Kukua si ndiko huko?

Wiki zikapita, dada akitia dawa kwa moyo mmoja. Halafu asubuhi moja nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilikimbia na fagio mkononi. Hamira ilikuwa imetuama juu ya tope, haijaguswa.

Dokta alikuja, akainama kwenye tangi, akanyanyuka uso umemshuka.

"Uliwapa ipi?"

"Ya kukua. Ile ya wakubwa."

Alijikalia kwenye ndoo iliyopinduliwa, koti jeupe na yote. "Mama, nilimaanisha waongezeke mwili."

Hapo ndipo tulipoelezwa. Kwa chura, homoni ya tezi ya kooni ikipanda, kiluwiluwi hugeuka. Lamprei ni kinyume: homoni ikiwa juu hubaki mtoto, hula, hunenepa. Ikishuka, hugeuka. Na ile chupa aliyoichukua dada kazi yake ni kuishusha; ile nyingine ndiyo huipandisha.

"Basi nitawalisha mara mbili," dada alisema.

"Hawatakula. Anayegeuka hali chochote kwa miezi, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea. Hawa hawajajiwekea kitu, watakufa njaa."

"Nitawapa ile chupa nyingine!"

"Aliyekwisha kuanza harudi nyuma, mama. Kosa ni langu, ningekuonyesha chupa."

Neno moja, tena neno la kila siku, la kumwambia mtoto yeyote: kua basi! Nilimtazama Dokta, nikamtazama dada, na hasira yangu ikakosa pa kutua.

Dada alichukua kikombe chake cha hamira akarudi kwenye tangi. Mdogo mmoja alikuwa ametoka topeni, amejibana kwenye kioo. Mbavuni alikuwa amekonda hata huruma ikanishika, mimi niliyekuwa nawacheka. Kichwani alikuwa na vitone viwili vyeusi, vinang'aa.

Dada alipitisha kidole mbele ya kioo. Yule samaki akashtuka, akarudi nyuma, kisha akasogea tena.

"Ameniona," alinong'ona. "Mdogo wangu, miaka yote hii nawalisha, hawajawahi kuniona hata siku moja."

Wengine wawili walitoka topeni, wakaelekeza vichwa kwake. Dada akakificha kile kikombe nyuma ya mgongo wake.