Mwalimu Fathiya na Somo Lisilo na Sauti

Sauti ya Mwalimu Fathiya Mahfoudh ilikuwa ikijulikana hadi nje ya skuli. Ukipita kichochoro cha nyuma, kabla hujaliona dirisha la darasa, ulikuwa ukimsikia akifundisha baiolojia juu ya kelele za pangaboi, na watoto wakimwitikia kwa pamoja. Madarasa yalikuwa yamejaa, watatu watatu kwenye dawati, na yeye aliona ni haki ya yule wa mwisho ukutani kusikia sawa na yule wa mbele. Kwa hivyo alipaza sauti, mwaka baada ya mwaka.

Koo lilianza kwa kukauka. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akaendelea kufundisha. Sauti ikawa nzito, kisha ikawa inakatika katikati ya sentensi. Asubuhi moja alifungua mdomo kuita majina ya kidato cha tatu, ikatoka pumzi tupu.

Daktari Suhaib, bingwa wa masikio, pua na koo, alimkalisha kwenye kiti na kumpitishia puani kimpira chembamba chenye taa na kamera kwenye ncha. Macho ya Fathiya yalikuwa yakitoka machozi kwa kero ya kile kimpira, lakini hakuyafumba, kwa sababu mbele yake palikuwa na kioo cha ile kamera, na ndani ya kioo palikuwa na koo lake mwenyewe.

"Vuta pumzi," daktari alisema.

Katikati ya nyama nyekundu iliyolowa, mikunjo miwili myeupe ilifunguka kama milango, na nyuma yake pakaonekana njia ya hewa ikiteremka gizani.

"Sasa sema iii."

Ile milango ikafungana kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata. Fathiya alisahau kero ya puani. Kila mwaka alikuwa akilichora koo ubaoni kwa chaki, na mishale pembeni, kama alivyochorewa yeye na mwalimu wake. Kumbe muda wote aliokuwa akilichora, lenyewe lilikuwa likifunguka na kufungika ndani ya shingo yake, neno kwa neno, bila yeye kuliamrisha.

"Umeviona hivi vinundu viwili, kimoja kila upande?" Daktari Suhaib alimwonesha kwa kalamu. "Ndivyo vinavyozuia nyuzi za sauti zisikutane vizuri. Dawa yake kubwa ni kunyamaza. Wiki kadhaa, pengine zaidi, halafu tutakwenda taratibu na mazoezi. Na usinong'one pia. Kunong'ona kunaziumiza vile vile."

"Lakini nnafundisha, daktari," Fathiya alijaribu kusema.

Daktari aliinua mkono. "Basi anza sasa hivi."

Fathiya akachukua simu yake, akaandika, akamgeuzia: Naomba hiyo video.

Siku za mwanzo zilimwelemea. Mtaani kwake Malindi, mjini Unguja, huwezi kutoka mlangoni usisalimiwe, na salamu huitikiwa. Aliweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, lakini watoto waliokuwa wakimwamkia "Shikamoo, mwalimu" walibaki wamesimama wakiisubiri marahaba ambayo haikuja. Mumewe, Anuar, ilimbidi aanze kumjibia simu.

Mwalimu Mkuu, Mzee Msabah, alimwambia apumzike nyumbani. Fathiya alitikisa kichwa. Kidato cha tatu hakikuwa na mwalimu mwingine wa baiolojia. Alimwandikia kwenye simu kwamba anachotaka ni projekta tu.

"Mwalimu asiyesema atafundisha vipi?" Mzee Msabah aliuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Lakini projekta alimpa.

Video ya mwanzo aliyoionesha ilikuwa ile ya koo lake. Haikufika dakika moja na haikuwa na sauti. Kwa desturi baiolojia hufundishwa kwa Kiingereza, na watoto walikuwa wamezoea kunakili na kukariri. Mwenye kujua jibu lakini hana maneno yake, hunyamaza. Siku ile mwalimu hakuuliza kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Alisimama tu pembeni, akairejesha video mwanzo.

"Ni mdomo wa samaki," alisema mmoja.

"Samaki gani huyo? Huo mlango. Tazama, unafungwa."

Msichana mmoja aitwaye Sumaiya, ambaye tangu mwaka uanze hakuwa ameinua mkono hata siku moja, alisema taratibu kutoka nyuma, "Ukifunguka ni pumzi. Anavuta pumzi huyo."

Wakaanza kubishana kwa Kiswahili, wakisimama, wakinyoosheana vidole ukutani. Fathiya aliwaacha mpaka walipochoka, kisha akaandika ubaoni: Koo langu.

Hakuna aliyecheka. Shaame, aliyekaa dawati la mbele, alijishika shingo. Jirani yake naye akajishika. Muda si muda darasa zima lilikuwa limeshika shingo zake, watu wanasema "iii" kwa sauti ndogo na kuusikiliza mtetemo kwenye vidole vyao. Fathiya aliwatazama. Alikuwa amefundisha sura ile mara nyingi, na hakuwahi kuona mtu akijigusa.

Wiki iliyofuata Anuar alimpakia kwenye vespa wakaenda Kizimkazi kwa mama yake Fathiya, Bi Wanu, ambaye alikuwa na kuku anayeatamia. Anuar ndiye aliyeeleza wanachokitaka.

"Mayai hayaguswi ovyo," alisema Bi Wanu. "Kuku akisusa, je?"

Fathiya alikusanya viganja pamoja kumwomba. Mama yake alimtazama, akaona mwanawe anavyohangaika bila sauti, akamruhusu yai moja, kwa dakika chache tu.

Waliingia stoo, wakafunga dirisha. Fathiya alitoboa tundu kwenye kasha la viatu, akaweka ndani simu ya Anuar ikiwa imewashwa tochi, akaliegemeza yai kwenye tundu. Simu yake ikawa ndiyo kamera. Yai likawaka lote, rangi ya chungwa bivu. Ndani yake kulikuwa na mishipa myembamba mno ya damu, imetanda kila upande kama mizizi, na pale mishipa ilipokutana palikuwa na kidoa chekundu kinachorukaruka.

Bi Wanu alisogea. "Nini hicho kinachocheza?"

Fathiya alimshika mama yake mkono, akauweka kifuani mwa Bi Wanu mwenyewe, penye moyo.

"Kuku nimefuga tangu msichana," alisema Bi Wanu. "Mayai nayatazama kwenye jua, najua zima na viza. Lakini moyo sijauona. Na yai lenyewe halijawa hata na jicho." Kisha akasema, "Subhanallah," kwa sauti ya chini sana, na akataka yai lirudishwe kwa mama yake lisipoe.

Video ile ilipooneshwa skuli, Mzee Msabah aliingia darasani na kukaa nyuma. Alikuwa amekuja kusema jambo. Walimu wawili walimlalamikia kwamba mtihani hauji kwa picha, na kwamba darasa la Fathiya siku hizi linapiga domo kwa Kiswahili. Akaliona yai likiwaka ukutani. Akakiona kile kidoa kikiruka, kikiruka. Watoto walikuwa wametulia kama walio msikitini.

Video ikaisha. Mzee Msabah alikuwa ameweka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wake.

"Irejeshe," alisema.

Ikarejeshwa. Baada ya pale hakulisema lile alilojia. Alisimama, akawaambia watoto, "Sasa jifunzeni kulisema hili kwa Kiingereza, kwa sababu mmeshakuwa na la kusema," akatoka.

Fathiya aliendelea hivyo hivyo, video fupi fupi, moja kwa kila somo. Aliwapa watoto picha kwanza, wakasema kwa maneno yao, kisha akaandika istilahi ubaoni wakaziweka mahali pake. Matokeo ya mtihani wa muhula hayakuwa ya miujiza. Wapo walioanguka. Lakini majibu yalikuwa ya watu tofauti, si sentensi moja iliyonakiliwa darasa zima, na Fathiya aliyasoma yote kwa hamu, hata yaliyokosea.

Vinundu vilipungua. Daktari Suhaib alimruhusu kuongea, kidogo kidogo. Sauti iliyorudi ilikuwa nyingine, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, na haikuweza tena kufika kichochoroni.

Siku ya mwanzo ya kufundisha kwa sauti hiyo alikuja na video mpya. Alikuwa amemfunika kisamaki kidogo kwa pamba iliyolowa maji, akamlaza chini ya hadubini mkia ukiwa wazi, akaishikiza simu juu ya lenzi, kisha akamrudisha majini mzima. Ukutani ukaonekana ule mkia, angavu kama kioo, na ndani yake chembe za damu zikipita kwenye vijishipa vyembamba, moja nyuma ya moja, bila kukoma, zikikunja kona na kurudi zilikotoka.

Maneno alikuwa ameyatayarisha tangu jana. Alifungua mdomo. Lakini Sumaiya alikuwa ameshasimama, na hakuwa akimtazama mwalimu. Alikuwa akiitazama damu.

"Zinapita moja moja kwa sababu njia ni nyembamba," alisema. "Zikipita hivyo, kila moja inakuwa karibu na nyama. Inaweza kuacha hewa yake pale." Akafikiri, kisha akaanza tena kwa Kiingereza, polepole, akijirekebisha njiani.

Fathiya alifunga mdomo, akavuta kiti, akakaa kumsikiliza.