Sauti ya Ayeyo Njiani Kutoka Hulugho

Dada yangu alikuwa anaolewa Garissa, na ayeyo, yaani nyanya yetu, alikuwa Hulugho na mguu usiokubali tena kupanda lori. Kwetu bibi harusi huimbiwa buranbur, shairi la wanawake, na wageni hulijibu kwa makofi na vigelegele. Ayeyo ndiye aliyewaimbia mama na shangazi zangu wote. Dada alilia akihofu kutoka chumbani siku ya harusi bila sauti hiyo, nami nikajitia kimbelembele, nikasema nitaileta.

Nilikuwa na sampla, kimashine cha kunasa sauti ambacho mjomba alinitumia kutoka Dubai. Hakikutaka kompyuta wala stima. Unanasa sauti, unabonyeza kitufe, inarudi, tena juu ya mdundo wa ngoma ukipenda. Ndicho nilichopigia muziki kwenye sherehe za wanawake mtaani, na aliyeniuliza kwa nini nisibebe kaseti kama watu wengine alinikera. Lakini kilikuwa na kasoro iliyoninyima raha: betri zikitoka, kila ulichonasa kinapotea.

Nilipomfikia Hulugho, nafasi ya mashine ilitosha mistari miwili mifupi tu. Ayeyo alikasirika, akasema shairi si mbuzi wa kukatwa vipande. Mwishowe aliimba, na katikati ya mstari wa pili akakohoa. Nilimwomba arudie, akasema amemaliza.

Juu ya lori nilikipakata kama mtoto mwenye homa. Kila tulipoingia shimo, nilizikandamiza betri kwa kiganja. Nilibonyeza nihakikishe: sauti ipo, kikohozi kipo. Nikafunika. Wasiwasi ukanirudia, nikabonyeza tena, huku nikijua ninazimaliza betri. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekuwa akipeleka samli Garissa, aliniomba kwa Kisomali nimwache ayeyo apumzike. Sikuweza.

Kwenye kizuizi, askari alikiona kitu chenye vitufe na taa. Siku zile majambazi walikuwa wakivamia magari, na chochote kilichofanana na simu ya upepo kilitiliwa shaka. Akataka betri zitolewe. Nilijieleza, maneno yakanigongana, nikabonyeza ili asikie mwenyewe. Wanawake wote juu ya lori wakapiga vigelegele, maana buranbur haiachwi bila jibu. Askari akarudi nyuma, akaikaza bunduki.

"Usiogobe, afande," mama wa samli akamwambia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali. "Hii si simu, ni nyanya yake."

"Basi nyanya atasubiri," akasema, akazing'oa betri.

Alinirudishia kila kitu kwa adabu, na nilimchukia kwa adabu hiyo. Nikazipachika betri, nikabonyeza. Kimya. Nililia mpaka Garissa bila kuona haya, huku mama wa samli akiniuliza polepole ni harusi ya nani, ya mtaa gani.

Siku yenyewe dada alikaa chumbani, amejifunika uso, hataki kutoka. Nilisimama karibu naye na mashine yangu tupu. Ndipo mama wa samli akaingia uani, hakuna aliyemwalika, akasimama katikati ya wanawake na kuimba mistari miwili ya ayeyo. Hakukosea neno. Katikati ya mstari wa pili akakohoa, palepale.

Dada akafunua uso.

"Ni ayeyo," akasema, akainuka, akatoka.