Nilitaka Mama Mkwe Anawe Mikono, Kijijini Wamesikia Nimemwita Mchawi

Admin, jina langu libaki kwako, maana mawifi zangu wote wanaifuata hii peji. Nina miaka ishirini na nane, naishi Mwanza, na mume wangu kwao ni kijiji kimoja kisiwani, karibu na Nansio. Tuna mtoto mmoja, njiti, alizaliwa kabla ya miezi kutimia, ambaye kwa mafua haya haya mnayotibu kwa tangawizi alilazwa akipumulia oksijeni. Tuliporuhusiwa nesi aliniambia, "Mama, kila mgeni anawe kwa sabuni. Mtu akijifuta kamasi kisha akamshika mtoto, ameshampa. Na mwenye kikohozi asimsogelee kabisa."

Haukupita muda mama mkwe akavuka na meli kuja kumwona mjukuu, yeye na wifi yake. Nampenda yule mama, sisemi kwa unafiki. Lakini aliingia anakohoa, anakoholea kiganjani, na kiganja kile kile akakinyoosha kwa mtoto. Nikapaniki. Shikamoo yenyewe sijaimaliza, nikaropoka, "Mama, hiyo mikono usimguse nayo mwanangu!"

Akaitazama mikono yake, juu na chini. "Mikono yangu ina nini, mkwe?"

Mimi badala ya kutaja sabuni nikazidi kuharibu: "Unaweza kumdhuru bila hata kujua."

Wifi yake akaguna. Jamani, kwa huku kwetu, mwanamke mzee tena mjane akiambiwa hivyo mbele ya shahidi, kesi imeshaisha. Walirudi kijijini kesho yake, na yule wifi mdomo wake hauna mlango. Sasa kijijini wanasema, "Hata mkwewe wa mjini kamkataza kushika mtoto, anajua kitu." Wanawake wenzake wakimwona ziwani wanachota maji haraka wanaondoka. Na juzi mtoto wa jirani yake kaanza kuumwa kifua, labda mafua tu kama ya wote, lakini macho yamegeukia kwa mama. Mnajua macho hayo huishia wapi. Silali.

Mume wangu amekata shauri: "Jumamosi tunavuka. Utampakatisha mama mtoto mbele ya ukoo, watu waone. Mama yangu akidhurika, ni ulimi wako." Nikamwambia mama bado anakohoa. Akajibu, "Kikohozi kinatibika, panga halitibiki."

Msiniambie mama aje Mwanza. Anasema akiondoka sasa watasema amekimbia.

Jana nilimpigia kumwomba msamaha. Nikamweleza kwa utulivu habari ya virusi, chafya na mikono, kama nilivyopaswa kueleza siku ile. Alisikiliza, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Nimekuelewa, mwanangu. Usimlete. Bado nakohoa."

Nimelia mpaka simu ikazima. Yeye anamwonea huruma mwanangu, na mimi ndiye niliyemtia midomoni mwa watu. Jumamosi ni keshokutwa, na mume wangu ameshafungasha begi la mtoto. Ndugu zangu, hasa mliolelewa huku ziwani, niambieni: nivuke au nisivuke?