Trei Iliyorudi Tupu

Mama alipolazwa, aliuliza swali moja tu: nani atampikia baba chakula cha mchana. Alikuwa amejikunja kitandani, jasho linamtiririka, maumivu yamemshika juu ya kitovu na kumpenya hadi mgongoni, na bado aliwaza sufuria zake za nyumbani Kinoo. Nikamwambia baba ni mtu mzima, atajua la kufanya. Aliniangalia kama aliyesikia upuuzi. Na kweli, miaka yote ya ndoa yao baba hajawahi kuwasha jiko ila kuchemsha maziwa, na hata hayo yalifurika yakazima moto.

Daktari wa wodi, kijana mwenye sauti ya upole, alituchorea picha kwenye karatasi. Jiwe dogo lilitoka kwenye nyongo likaziba mfereji, na kongosho likavimba. Mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kufikiria kwamba nina kongosho, sembuse kwamba linaweza kuua mtu.

"Hii kiungo inatoa maji ya kusaga chakula," alisema. "Sasa hayo maji imekwama ndani. Inajisaga yenyewe."

Jamaa zetu walipopata habari, wakaenda kusoma kwenye simu zao, wakakuta ugonjwa huo huwapata sana walevi. Shangazi mmoja alinipigia akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mama hunywa kwa siri. Mama huyu kiongozi wa akina mama kanisani, ambaye hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza! Nilikata simu. Nina hasira za karibu, na wiki ile zilikuwa karibu zaidi.

Mwanzoni walimpa dripu na dawa za maumivu. Kesho yake daktari akasema sasa aanze kula. Nilimwuliza kama hatungeliacha hilo kongosho lipumzike kwanza.

"Zamani tulikuwa tunawanyima chakula mpaka uvimbe ishuke," alisema. "Siku hizi tunajua tumbo ikikaa bila kazi inalegea, vijidudu vinapenya, vinaenda kukaa hapo penye imevimba. Hapo ndio tunapoteza watu. Chakula ni dawa yake." Kisha akamgeukia mama kama anayesema na nyanyake. "Shosho, ukishindwa kukula kwa mdomo, tutakuwekea mpira kwa pua tukulishe nayo. Usiogope."

Mama alivuta shuka mpaka kidevuni akageukia ukuta. Mimi nilijua kwa nini. Dada yake mkubwa aliwahi kuwekewa mpira kama huo, katika hospitali nyingine, kwa ugonjwa mwingine kabisa, na alitoka kule akiwa amefunikwa uso. Tangu siku ile, kwa mama, mpira wa puani ni mlango wa mochari.

Basi chakula kikaanza kuletwa: uji mwepesi, viazi vya kupondwa, malenge, wali laini, kuku wa kuchemsha aliyevuliwa ngozi. Hakuna mafuta hata tone. Ofisi yangu iko mjini, kwa hiyo nilikuwa nikifika hospitalini, kule Westlands, jioni, baada ya kazi. Baba ndiye aliyekuja saa ya mchana, amevaa koti lake la Jumapili. Na kila jioni sista aliyekuwa zamu alinipa habari njema: trei ya mama ilirudi tupu. Hakubakisha hata punje.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa kuwa nilimshuku kwamba angekataa kula. Niliwaandikia ndugu zangu kwamba mama anakula kama zamani. Lakini nilipomshika mkono ulikuwa mwepesi, na midomo yake ilikuwa imekauka. Nilipomwuliza kama maumivu yapo, alisema kidogo tu. Nilipomwuliza chakula kikoje, alisema kizuri, Mungu awabariki.

Usiku nililala Kinoo ili nimwangalie baba. Nilimpikia githeri ya mahindi na maharagwe, akagusa vijiko viwili akasema ameshiba. Siku iliyofuata nikamkaangia nyama, chakula anachokipenda kuliko mahubiri. Alikula nusu, akasukuma sahani.

"Umekula wapi?" nikamwuliza.

"Nimekula huko," akasema, akichungulia dirishani kana kwamba mmoja wa wapangaji wake anamwita.

Nikaamini nimeelewa. Baba ana marafiki wanaonunua nyama kwenye machinjio ya Dagoretti, nyama iliyochinjwa asubuhi ileile, na kuichoma palepale. Nilimwona akilini mwangu akitoka hospitalini, akikaa nao, akilamba mafuta vidoleni wakati mke wake analishwa malenge bila chumvi. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii babake. Alichukua tochi akaenda kumwangalia ng'ombe.

Asubuhi iliyofuata daktari alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa na mashaka. Mama anamaliza chakula chote, alisema, lakini mkojo wake unaonyesha mtu mwenye njaa, mwili unaokula akiba yake wenyewe. Uzito nao unashuka. Hata hivyo, kwa kuwa anakula vizuri, wangeondoa dripu mchana huo waone atakavyoendelea.

Niliketi na simu mkononi. Mtu amalize sahani na bado awe na njaa? Nilimwomba mkubwa wangu ruhusa, nikaondoka kabla hajamaliza kunijibu.

Nilifika wakati wa chakula. Pazia la kitanda cha mama lilikuwa limevutwa. Nilidhani anaoshwa, nikasimama kidogo, nikasikia kijiko kikigonga sahani. Nikafungua.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, trei iko magotini, kitambaa kimechomekwa kwenye kola ya koti la Jumapili. Alikuwa anakula malenge ya kupondwa. Alikuwa akimeza haraka, kwa bidii, kama mtoto aliyeahidiwa kiboko. Mama, mgonjwa, alikuwa ameinua shingo akilinda upande wa mlango.

"Funga pazia," aliniambia.

Nilifunga. Sijui kwa nini nilitii.

Tuligombana kwa minong'ono, maana masista walikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nilimwuliza baba kama ana akili. Malenge yalikuwa bado mdomoni mwake, akameza kwanza.

"Mami," akaniita kama anavyoniita tangu utotoni, "ni yeye aliniomba."

"Akikuomba umuue, utamuua?"

"Mwache," mama akasema. "Nilijaribu ile siku ya kwanza. Kijiko moja tu, na hiyo uchungu ikaamka. Siwezi rudi huko. Na wakiona sijakula, wataniwekea ile mpira."

"Mama, leo wanatoa dripu. Wanadhani unakula."

"Wacha watoe."

"Na utaishi na nini?"

Macho ya mama yalikuwa makavu na makubwa usoni, uso niliouzoea tangu nizaliwe na ambao sasa ulikuwa umeanza kuonyesha mifupa. Ulimi ulinichomachoma kwa ile methali ya mficha maradhi, lakini mwisho wake una neno kifo, na neno hilo sikuweza kulitamka kando ya kitanda kile. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku tuliyomleta, kwa sababu siku ile wenye kujua walikuwa madaktari, na sasa mwenye kujua nilikuwa mimi.

Akanishika kifundo cha mkono. Nguvu alizokuwa amebakiwa nazo aliziweka zote pale.

"Ukiwaambia," alisema, "ni wewe umenizika."

Pazia likafunguliwa. Sista mchanga aliingia akisukuma kigari cha vyombo, akaiona trei ambayo baba alikuwa ameirudisha mezani ikiwa tupu, akapiga makofi kidogo.

"Shosho! Umemaliza tena! Wewe ni mgonjwa wangu namba moja. Sasa hii dripu nakutolea tu nikirudi."

Mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kanisani, lile la kupokea wageni. Sista akachukua trei akaanza kugeuka. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Mkono wa mama ulikuwa bado umenishika, na nilihisi vidole vikikaza.

"Sista," nikasema. "Hajala. Hajala tangu mwanzo. Ni baba alikuwa anakula."

Vidole vikaniachia.

Yaliyofuata yalienda haraka. Daktari alikuja, na namshukuru hakufoka. Alimwongezea mama dawa ya maumivu, akasubiri ifanye kazi, kisha akaomba uji, akamwambia ajaribu kwa mdomo kabla ya jambo lingine lolote. Mama alijaribu, nakiri alijaribu. Alimeza kijiko, akameza kingine, halafu akajikunja akatapika yote kwenye beseni nililomshikia. Daktari akangoja atulie. Akamweleza mpira tena, polepole, kwamba ni wa kupitisha chakula tu, na kwamba mtu akiweza kula huondolewa. Mama akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amechoka kubisha.

Walimketisha wima. Sista akamwambia ameze maji kidogokidogo huku mpira ukipita puani. Mama alinyoosha mkono, nami nikaupokea, lakini akautoa akamtafuta baba. Baba akamshika. Machozi yalimtoka mama bila sauti, akakohoa, akameza, akakohoa tena, na mimi nilisimama miguuni pa kitanda nikiwa sina pa kuweka mikono yangu. Nilijua nimefanya lililopaswa kufanywa. Kujua hivyo hakukunisaidia chochote.

Walimpiga picha kuhakikisha mpira umefika mahali pake, kisha chakula kikaanza kupita, kama maziwa mazito, tone kwa tone. Tulikaa kumwangalia, baba upande huu, mimi ule. Kila alipofumba macho nilidhani maumivu yameamka. Kila alipovuta pumzi ndefu baba aliinuka kidogo kitini. Sista alipita akamwuliza kama inauma, mama akaonyesha kwa mkono: kidogo. Alipita tena, kidogo. Mimi hakunitazama. Nilimpangusa mdomo, akaniacha nimpanguse, macho yakiwa juu kwenye dari. Nilimwambia nitarudi jioni, akafumba macho. Jioni nilirudi, na akawa hivyohivyo.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa tena, nikaja mchana. Daktari alikuwa amepita asubuhi na kuongeza kasi ya chakula, na mama hakuwa ametapika. Baba alikuwa pale, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja na chakula chake mwenyewe: mkate na ndizi kwenye mfuko wa karatasi. Nikasimama karibu na pazia, sina hakika kama nikae. Mama alikuwa anatazama matone yakishuka. Kisha, kwa sauti iliyokwaruzwa na mpira, akamwuliza baba bila kunigeukia:

"Na huyu mwenye aliniuza, amekula?"

Baba akanitazama.

"Bado, mama," nikasema.

"Mpatie hiyo ndizi."