Ufunguo wa Stoo ya Matoleo

Miaka mingi nilitunza ufunguo wa stoo ya kanisa letu la Majengo. Niliufunga kwenye ncha ya kitenge, na hata leo nikiukumbuka hasira inanipanda. Ndani ya stoo ile tuliweka matoleo ya sikukuu ya mavuno. Kila shirika, yaani majirani wanaosali pamoja, lilileta fungu lake mapema: maharage, mahindi, makaa. Jumapili akina mama tuliyapeleka altareni tukicheza, beseni kichwani. Kabla padri hajayabariki, hakuna aliyegusa hata punje. Ndiyo sheria yetu, nami niliilinda kuliko nilivyolinda mlango wa nyumba yangu.

Mwaka ule mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu ulipotapika moto, lava ilisimama pembeni ya mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka na tukaambiwa tuhame. Wengi walielekea magharibi, Sake. Sisi tulishika barabara ya kaskazini, tukavuka lava ikiwa bado inatoa moshi, na Jumamosi tukafika kijiji cha Kalengera na watoto waliochoka hata kulia. Tulipokelewa kwenye kanisa dogo. Matoleo ya kesho yake yalikuwa yamepangwa ukutani, kama kwetu. Mama aliyelitunza lile kanisa, mfupi, mwenye mwanya, hakuuliza mtu. Alifungua gunia na kuanza kuchagua mawe kwenye maharage.

Mimi, na njaa yangu yote, nikamkanya. "Mama, iyo si ni matoleo?"

Hakuinua hata macho. "Mungu hana njaa, mama. Batoto njo beko na njaa."

Nilikula sahani mbili.

Mwaka uliofuata waasi waliishika barabara ile ile. Alhamisi moja watu wa Kalengera waliingia Majengo kwa miguu, na madarasa ya shule yetu ya parokia yakajaa. Nilimtambua kwa mwanya wake. Alikuwa na wajukuu watatu, mdogo kabisa mgongoni. Tulikumbatiana tukalia, na hatua chache kutoka pale stoo yangu ilikuwa imejaa mpaka mlango haufungiki vizuri.

Nikaenda kwa mzee aliyeongoza baraza la parokia. Alikuwa anapanga viti vya wageni wa sikukuu.

"Muzee, bale batu habajakula. Tufungue stoo."

"Mama, kitu ya Mungu hatuigusake mbele padri aibariki. Reglema ni reglema, sheria ni sheria. Siku ya Mungu iko karibu."

Karibu! Kwa mtu aliyeshiba, ndiyo, ilikuwa karibu. Padri alikuwa safarini vijijini, hangerudi kabla ya Jumapili asubuhi. Nikanung'unika njia nzima, nikamwita yule mzee majina nisiyoweza kuyaandika hapa, lakini ufunguo ulikuwa kwangu mimi, si kwake. Nyumbani nikapika bukari, ugali wetu, nikampelekea yule mama mwenye mwanya sahani moja. Aliwagawia watoto wa darasa zima, tonge moja moja. Kesho yake nikapeleka nyingine, na ikaishia vile vile.

Ijumaa shirika letu lilikutana kama kawaida. Tuliomba hekima. Tuliimba, tukawaombea wakimbizi kwa sauti nzuri kabisa, mmoja baada ya mwingine, na wote tulijua maharage yako wapi. Mimi nilifumba macho nikaushika ufunguo kwenye ncha ya kitenge. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini sisi tuliwajua. Tuliwajua hadi sura.

Jumapili tulicheza. Tulicheza sana, na beseni langu halikuyumba. Yule mama alisimama nyuma kabisa na watu wake, akipiga makofi, akiimba sauti ya pili bila kukosea. Makelele yote yale hayakumwamsha mtoto mgongoni mwake. Nikajua ule si usingizi wa kushiba.

Misa ilipokwisha nilimpelekea maharage mwenyewe, beseni zima, na makaa juu yake. Yeye aliinjika sufuria, akawaita wajukuu, akashika mikono yao na yangu, akasali: "Asante Mungu juu ya huyu mama, mwenye ametupatia chakula." Watoto wakaitikia Amina. Mimi sikuweza.

Nilitaka kuondoka. Akaninyooshea kigoda, akasema mgeni haondoki sufuria ikiwa motoni. Nikakaa nikipuliza moto, nimejikasirikia hadi machozi, na moshi ukanisitiri. Yale yalikuwa maharage makavu, yakachukua karibu saa tatu. Yalipoiva, sahani ya kwanza akanipa mimi.