Shukrani Baada ya Radi

Notburga Lechthaler alikuwa mfugaji wa ng'ombe huku kwetu milimani, katika jimbo la Styria. Kila Alhamisi jioni alishuka mjini na zumari lake kufanya mazoezi na okestra yetu ya watu wa kawaida: waoka mikate, walimu, fundi mabomba mmoja. Mumewe, Korbinian, aliuawa na radi malishoni, alipokwenda kurudisha mitamba.

Mwaka wa pili baada ya msiba tulichagua simfonia ya maisha ya shamba. Ina kijito, ina ndege, ina dansi ya wakulima, halafu inakuja dhoruba. Na mwishoni wachungaji wanaimba kushukuru kwamba mbingu zimetulia.

Kijito Notburga alikipiga vizuri. Kwenye dansi hata mguu wake ulicheza. Dhoruba nayo aliivuka. Lakini ulipofika wimbo wa shukrani, ambao zumari ndilo huuanzisha, aliliweka mapajani.

"Radi naiweza," alisema. "Nishukuru nini?"

Wakati wa mapumziko Veit, mpiga ngoma wetu na mdogo wake Korbinian, alimfuata kwenye ngazi. Nami nilikuwa hapo navuta sigara.

"Shemeji, anayeipiga hiyo radi ni mimi. Unadhani mikono hainitetemeki?"

"Basi piga polepole."

"Nikipiga polepole yatakuwa manyunyu. Watu watafungua miavuli bure."

Notburga alicheka kidogo, kisha akainama. Veit akamuuliza, "Asubuhi ile, tulipokwisha kumleta kaka nyumbani, ulifanya nini?"

"Ng'ombe walikuwa wanalia, viwele vimejaa. Nikakamua."

"Ulishukuru?"

"Nimshukuru nani? Nilikamua tu. Maziwa yalikuwa ya moto, na mikono yangu ya baridi."

"Basi piga hilo."

Jumapili ya tamasha aliuanza wimbo ule taratibu kuliko tulivyozoea, bila madaha, hata sisi wa fidla ikabidi tumngoje. Haukusikika kama furaha. Ulisikika kama mtu anayeendelea na kazi yake.

Padri alimpa mkono, akamsifu kwa imani yake.

"Sijui kama ni imani, Baba," alijibu. "Ila nimeumaliza."

Kisha akaenda kumsaidia Veit kupakia ngoma kwenye trela.